Mkono wa Afande Kwanza

Kosa litakaloanikwa katika sura hii ni kujipendekeza. Simaanishi uongo mtupu, ambao angalau humlazimu msemaji kujua kwamba anadanganya. Namaanisha ile tabia laini, yenye adabu na tabasamu, ya kumwonyesha mkubwa kile anachopenda kukiona hata kabla hajakiomba. Nimeishi vya kutosha kuiona tabia hiyo ikiharibu shule, nyumba za ibada na ndoa za watu. Lakini sijapata kuiona ikiwa imevaa joho la elimu kama nilivyoiona mwaka ule wa Jinja, nilipokuwa kijana na tulipokuwa tukitengeneza kamera.

Kilichonirudisha katika mwaka ule ni mazishi. Mwezi uliopita tulimzika mkuu wetu wa zamani huko Budondo, alikokuwa amenunua shamba baada ya kustaafu, mvua ikipiga juu ya mahema ya kukodi hata wasemaji wakalazimika kupaza sauti. Askari mstaafu mmoja alisifu utumishi wake katika kikosi cha mawasiliano. Jirani akasifu migomba yake. Wa tatu, kijana aliyevaa tai, akatangaza kwamba marehemu hakuwahi kukosea maishani mwake. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali na nyama, na nyuma yangu nikamsikia mzee mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Hakuwahi kukosea? Basi leo tumezika malaika." Mwenzake akamjibu, "Nyamaza, ssebo. Kwa marehemu wanasema mazuri tu, na zamu yako itakuja." Wakacheka kwa kificho. Mimi sikucheka, kwa sababu mbele yangu, upande wa pili wa hema, alikuwa amekaa Isabirye, mwenzangu wa kazi wa mwaka ule, mvi zimemjaa, akitikisa kichwa kukubaliana na kila sifa iliyotolewa. Miaka yote hiyo imepita na kichwa chake bado kinatikisika vilevile.

Nirudi basi kwenye chumba chetu. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, katika mojawapo ya zile nyumba kuukuu za Jinja zenye nguzo za duara na tarehe iliyofutika juu ya mlango. Ngazi zilikuwa za mbao, na kila aliyepanda tulimtambua kwa mlio wa hatua zake. Madirisha yalitazama nyuma, uani, ambako wachomeleaji walitengeneza mageti siku nzima. Cheche zao zilituletea harufu ya chuma kilichoungua, na matusi yao yalitufundisha lugha kadhaa kwa mpigo. Ndani tulikuwa na meza ndefu, pazia zito jeusi la kugawa chumba, kabati la vioo lenye ufunguo, na kochi ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia ila mkuu. Tulikuwa watu wanne. Hajara, binti wa Kiislamu wa mjini Jinja, alikuwa amesomea kemia na ndiye aliyetengeneza jicho la kamera. Isabirye, mwenyeji wa Buwenge, aliandika programu ya kompyuta. Mimi nilishughulikia taa na vioo. Na juu yetu wote alikuwa meja mstaafu ambaye kila mtu, kuanzia mchomeleaji hadi mwenye nyumba, alimwita afande; alikuwa mhandisi wa redio kwa ujuzi, wa kabila la Wateso kwa kuzaliwa, mtu mrefu aliyezungumza Kiswahili cha kambini na hakuona sababu ya kukibadilisha.

Ni yeye aliyetupa kazi na sababu yake. "Nilikaa mara moja kwa zahanati ya kambi," alituambia siku ya kwanza, "nikaona mutoto anachomwa sindano mukono huu, mukono ule, muguu, kichwa. Wanachoma kama watu wanatafuta maji ya kisima. Mutoto alikuwa na maleria, damu imeisha, mushipa haionekani. Mimi niko na redio inasikia mutu iko Gulu, lakini nesi hawezi ona mushipa iko hapa." Akajipiga kofi nyuma ya kiganja. "Tutengeneze kitu ionyeshe mushipa. Na iwe ya bei ndogo, ya wodi yetu, si ya maonyesho." Sitamwondolea heshima hiyo kamwe. Azma yake ilikuwa safi, na kila lililofuata, hata baya, lilikua kutoka katika azma safi. Ni jambo ambalo wasomaji wangu vijana wanapaswa kulitafakari, maana wengi hudhani kosa huota katika shamba la waovu peke yao.

Niieleze kamera yetu kwa ufupi, kwa kuwa bila hilo kosa halitaeleweka. Damu hufyonza mwanga fulani ambao macho ya binadamu hayauoni, ule ulio ng'ambo ya wekundu, uitwao infraredi. Ukimulika mkono kwa mwanga huo, nyama hung'aa na mishipa hubaki myeusi kama mito katika ramani. Kamera za kawaida za simu huuona mwanga huo mwanzoni mwake tu, na vifaa vya kuonyesha mishipa vilivyotoka nje vilikuwa ghali na, kwa maneno ya manesi wenyewe, vilionekana vimefundishwa kwa mikono myeupe. Tulihitaji jicho linaloona mbali zaidi, mahali ambapo rangi ya ngozi haizuii tena. Jicho hilo Hajara alilitengeneza kwa grafini, ambayo si kitu kigeni: ni kaboni ile ile iliyomo katika risasi ya penseli, ila imebanduliwa tabaka baada ya tabaka hadi ikabaki utando mmoja, mwembamba kuliko chochote mtu anachoweza kukifikiri. Juu ya utando huo alipaka chembechembe zinazonasa infraredi. Mwanga ukizigusa, umeme hupita katika grafini. Kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kutengeneza macho mengi yanayofanana, kamera yetu ilikuwa na jicho moja tu. Tulichukua projekta kuukuu ya darasani, tukaing'oa taa yake na kuitia taa za infraredi, nayo ikawa inaurushia mkono michoro ya mirabamiraba ya mwanga na giza, mmoja baada ya mwingine, upesi sana. Kwa kila mchoro jicho lilisema neno moja tu: mwanga uliorudi ni mwingi kiasi hiki. Kompyuta ilikusanya maneno hayo yote na kuyafanya picha. Mara ya kwanza tulipoona mshipa wa kidole gumba cha Hajara ukijitokeza kwenye kioo, ukiwa na ukungu kama kitu kilicho chini ya maji, wachomeleaji walipanda ngazi kuuliza nani amefiwa, kwa vile kelele zetu zilikuwa za aina hiyo.

Maisha ya chumba kile yalikuwa na utaratibu. Asubuhi Hajara alikuja na chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na Isabirye alichemsha chai ya tangawizi kwenye birika ya umeme iliyokuwa na kifuniko cha sufuria nyingine. Mchana tulikula posho, ule ugali wa kwetu, na maharage, mara chache samaki, juu ya magazeti yaliyotandazwa mbali na vifaa. Afande alikula polepole, akisema kwamba mtu anayekula haraka hata maiti yake itazikwa vibaya. Siku moja Isabirye alimwuliza kuhusu kovu kubwa lililokata nyuma ya mkono wake wa kushoto. "Afande, hii risasi ilipatikana vita gani?"

"Risasi?" Afande akauinua mkono. "Watu yote wanafikiri ni risasi, na mimi nanyamaza, kwa sababu risasi iko na heshima. Hii ni waya ya antena. Nilikuwa napandisha mulingoti, waya ikakatika, ikachapa mimi. Daktari akasema mushipa imekatika, itatafuta njia ingine. Na ilitafuta." Na kweli, kwenye picha zetu mshipa wake mkubwa ulifika kwenye kovu, ukakoma, kisha ukauzunguka mfupa wa kidole cha kati kwa nusu duara na kurudi njiani, kama mtu anayezunguka dimbwi. Hapakuwa na mkono mwingine wa namna hiyo.

Hapo ndipo desturi ilipoanza, na naomba msomaji aitazame kwa makini, kwa maana ilikuja imevaa adabu. Kila asubuhi afande alipoingia, kabla hajaketi, Isabirye alikuwa tayari ameinua pazia jeusi. "Afande, mkono."

"Jana mulipiga, leo munapiga tena? Hii mukono itaisha."

"Haiishi, afande. Mashine lazima ikuone wewe kwanza ndiyo ifanye kazi vizuri."

"Basi mashine iko na adabu kushinda watoto yangu."

Tulicheka sote. Ungekuwa utovu wa adabu kupinga. Katika nchi yetu mkubwa hunawishwa mikono kwanza, hupewa firigisi, hufunguliwa mlango. Nani angeona ubaya katika kumpiga picha kwanza? Picha ya asubuhi ikawa kama salamu ya bendera. Afande aliinama kwenye kioo, akautazama mshipa wake ukizunguka kovu, akasema "Sawa," na siku ikaanza. Mikono yetu sisi wengine ilipigwa pale tu kazi ilipodai, na mikono ya watu wa nje haikupigwa kabisa, kwa kuwa afande hakupenda wageni waone kitu ambacho hakijakamilika.

Isabirye hakuwa mjinga. Nasema hivi kwa kuwa ujinga ungekuwa udhuru. Alikuwa ameiwekea programu yake kumbukumbu. Jicho moja hukosea, taa huchezacheza, na picha hutoka na mashimo. Basi programu ilifundishwa kuyaziba mashimo kwa kufuata mikono iliyokwisha kuiona. Wataalamu wengi duniani hufanya hivyo, na si dhambi, maadamu kumbukumbu inakaa nyuma ya jicho na haiketi mbele yake. Lakini kumbukumbu ya mashine yetu ilijazwa na nini? Ilijazwa na mkono wa afande, asubuhi baada ya asubuhi. Hakuna aliyekaa chini kulifikiria hilo. Tulikuwa tumeifunza mashine jambo tulilojifunza wenyewe: kwamba mkono ni mkono wa mkubwa.

Msimu wa mvua ulipoingia, hewa ya ziwa ikawa nzito hata chumvi ikawa maji kwenye kopo. Grafini haipendi unyevu. Umeme wake hupandapanda na kushukashuka bila sababu ya mwanga. Hajara alikuwa ameliziba jicho kwa nta, lakini nta ilipata ufa. Nakumbuka mabishano yao, mimi nikiwa upande wa pili wa pazia nikisafisha kioo.

"Jicho langu linaumwa," Hajara alisema. "Namba zinazotoka ni kama za mtu anayeweweseka."

"Picha iko sawa, dada. Njoo utazame."

"Picha ni nzuri kuliko ya wiki jana. Jicho ni bovu kuliko la wiki jana. Wewe huoni ajabu hapo?"

"Mimi naona picha nzuri. Afande ameshawaalika wageni kutoka Kampala, wanatukuta hospitalini Mbale waone kamera ikijaribiwa. Unataka niende nimwambie nini? Sikio halipiti kichwa, Hajara."

"Kichwa kisiposikia si kinakuwa boga?"

"Mwambie wewe basi, kama una ubavu."

Hajara alimwambia. Alimsubiri afande akae kwenye kochi, akasimama mbele yake, akasema jicho linahitaji kuzibwa upya na safari iahirishwe. Afande alimsikiliza, kisha akamgeukia Isabirye. "Picha iko namna gani?" Isabirye akainua pazia, akaomba mkono, na mkono ukaonekana safi, mweusi na mweupe, kovu na mzunguko wake, kama umechorwa kwa kalamu. "Binti," afande akasema kwa upole, "wewe ni kama fundi ya redio. Redio inaimba, yeye anasema iko na ugonjwa." Tukacheka tena. Hajara hakucheka. Alikwenda dirishani akawa anawatazama wachomeleaji.

Tulikwenda Mbale kwa pikapu ya kukodi, kwa barabara ya Tirinyi, kamera ikiwa imefungwa kwa blanketi katikati yangu na Hajara. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji pande zote mbili. Tulipofika, ukuta wa mlima Wanale ulikuwa umezama mawinguni nusu nzima, na mji ulikuwa unachuruzika. Hospitali ambayo sitaitaja ilitupa pembe ya wodi ya watoto, karibu na dirisha. Ilikubaliwa tuwapige picha watoto waliokwisha kuwekewa dripu, ili tulinganishe mshipa wa picha na mshipa wa kweli, basi. Hakuna sindano ambayo ingefuata kamera. Hilo lilikuwa sharti la muuguzi mkuu wa wodi, Sister Nambozo, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyetusalimu "mulembe" bila kuacha kuhesabu matone ya dripu iliyokuwa mbele yake. Wageni wa Kampala walikuwa watatu, wamevaa viatu visivyofaa kwa matope. Kwa neno lao kamera yetu ingepelekwa katika hospitali nyingine za mashariki au ingeishia pale.

Wakati tunapanga taa, mama mmoja aliingia mbio kutoka mtaa wa Namatala, kanga yake imelowa, na mtoto wa kike mabegani. Mtoto aliitwa Khainza. Alikuwa bado hajajua kutembea vizuri, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kama ndani ya ganda la yai. Malaria ilikuwa imemla damu. Damu ya kumwongezea ilipatikana. Mshipa wa kuipitishia haukupatikana. Sister Nambozo alitafuta mkono wa kulia, akatafuta wa kushoto, akatafuta kifundo cha mguu. Mtoto alilia mwanzoni, halafu akawa anafungua tu mdomo bila sauti. Mmoja wa wageni akasema, kwa nia njema kabisa, "Si kamera iko hapa?"

Isabirye hakusubiri mkubwa wake aulizwe mara mbili. "Iko tayari, mheshimiwa," akasema. Sister akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa amekwisha kumtuma mtu amwite daktari, naye daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Mama wa mtoto akapiga magoti sakafuni, akashika sketi ya Sister. "Sister, kama iko kitu inaweza kuona, acha ione." Basi Sister akaulaza mkono wa Khainza chini ya kamera. Programu ilizoea kuikuza kila picha hadi ijaze kioo, hivyo mkono mdogo ulionekana mkubwa. Na juu yake, kwa ajabu ya kila mtu, mishipa ikatokea, myeusi, dhahiri. Wageni walishusha pumzi. Isabirye akanyoosha kidole: "Hapa, Sister. Mshipa mkubwa." Sister akapima kwa macho, akachoma. Hakuna damu. Akatoa, akatazama kioo, akachoma tena mahali ambapo picha ilionyesha kwa uwazi zaidi. Hakuna. Mtoto hakulia tena.

Afande alikuwa amesimama nyuma, akizuia pazia la dirisha kwa mwili wake ili mwanga usituharibie kazi. Alikuwa hajakiona kioo. Sister alipochukua sindano ya tatu, aliliachia pazia na kusogea, nadhani ili kuona tu kwa nini inashindikana. Nilimwona akiinama kama alivyoinama kila asubuhi. Kisha nikaona uso wake ukibadilika, polepole, kama wa mtu anayetajwa jina lake mahali asipotarajia.

"Sister, ngoja. Usichome."

"Mzee, huyu hana muda."

"Najua. Lakini hiyo si mukono yake." Akavua saa, akapandisha mkono wa shati, akauweka mkono wake wa kushoto kando ya kioo. "Hiyo ni yangu."

Na ilikuwa yake. Mshipa ulifika katikati, ukakoma, ukauzunguka mfupa kwa nusu duara, ukarudi njiani. Juu ya mkono wa mtoto asiyekuwa na kovu lolote, mashine yetu ilikuwa imechora jeraha la waya wa antena. Mgeni mmoja akacheka kwa wasiwasi. "Meja anatutania."

"Mimi sitanii na mutoto ya mutu." Bila kumtazama mgeni akamgeukia Hajara. "Binti, funika jicho yako."

Hajara akalifunika kwa kipande cha kitambaa cheusi. Sister akautoa mkono wa Khainza, akambeba mtoto mzima hadi kitanda kingine. Chini ya kamera hapakubaki kitu ila shuka. Na kwenye kioo, bila jicho na bila mkono, mishipa ilitokea tena, myeusi, dhahiri, na mzunguko wake. Isabirye alinyoosha mkono aizime kompyuta. Afande akamshika kifundo cha mkono. "Acha waone." Kisha akasimama wima mbele ya wageni watatu kama askari anayetoa taarifa ya kushindwa vita. "Wageni yetu, kamera hii haioni. Inanikumbuka mimi tu. Nyinyi mumeona, na mimi nimeona. Rudini Kampala museme hivyo."

Daktari alifika akiwa bado na kofia ya upasuaji kichwani. Alipoelezwa kwamba mishipa imekataa hakupoteza neno hata moja. Aliomba sindano nene, akaipitisha kwenye mfupa wa mguu chini ya goti, njia ambayo madaktari huitumia mlango ukifungwa, na Sister akafungulia damu. Tulisimama ukutani kama watu waliokuja kudai kitu na kusahau ni nini. Afande hakuondoka hadi chupa ilipofika nusu.

Jioni tulikula katika nyumba ya wageni, malewa, yale machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga, na hakuna aliyeyasifu. Isabirye ndiye aliyeanza. Alisema kwamba jicho lilipoanza kuugua, picha ya afande ya asubuhi ilitoka na ukungu; akaona vibaya mkuu aanze siku na ukungu; akaiongezea kumbukumbu nguvu kidogo. Kesho yake kidogo tena. "Nilifanya kwa heshima, afande."

"Heshima ya nani?"

"Yako, afande."

"Mimi nilikuwa naumwa heshima? Mimi nakula, nalala, niko na pensheni. Ule mutoto ndiye alitaka heshima, na hakuna mutu alimupatia." Akaisukuma sahani. "Na mimi pia. Hajara alisema, nikamufanyia mucheko. Kila asubuhi nilipenda kuona mukono yangu. Mutu mzima, nampenda mukono!" Hajara alikuwa anatazama mezani, nilidhani atasema neno la ushindi, na angekuwa na haki nalo. Alisema tu, "Nta ninaweza kuibadilisha kesho, afande." Akajibiwa, "Badilisha."

Wageni wa Kampala hawakurudi, na hospitali nyingine za mashariki hazikuiona kamera yetu. Chumba cha Jinja kiliendelea hadi mwaka ulipoisha, kwa utaratibu mpya ambao afande aliutoa kama amri na hakuruhusu ujadiliwe. Kila asubuhi picha ya kwanza ilipigwa jicho likiwa limefunikwa, na ilipaswa kutoka nyeusi tupu. Ikitoka na chochote, kazi inasimama. Kumbukumbu ya zamani ilifutwa. Tuliichukua mashine siku za soko hadi Buwenge, tukapiga mikono ya wauza nyanya, wachoma nyama, wazee wa kahawa na watoto waliokubaliwa na mama zao, na afande alipanga foleni kama wengine, mara nyingine nyuma ya mwanamke aliyebeba bata. Picha zilikuwa mbaya. Ukungu ulikuwa mwingi, na kwa watoto wadogo tulikiri kwamba hatuoni chochote. Lakini mshipa uliotokea ulikuwa wa mwenye mkono. Nimefundisha fizikia tangu wakati ule, na sijapata kuwaonyesha wanafunzi wangu kitu kizuri kuliko ile picha nyeusi ya asubuhi. Huwaambia kwamba chombo kisichoweza kusema "sioni" hakijawahi kuona, na kwamba kanuni hiyo haihusu vyombo peke yake. Wengine hucheka. Wachache huacha kucheka kabla ya wenzao, na hao ndio ninaowaombea.

Lakini sitaki sura hii iishie darasani. Asubuhi iliyofuata siku ile ya Mbale, kabla hatujapakia pikapu, tulipita wodini. Khainza alikuwa amelala kwa kuegemea kifua cha mama yake, jicho moja wazi, akitutazama kwa chuki kamili ya mtoto aliyepona, na kikombe cha uji kilikuwa nusu kando ya kitanda. Afande alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakutaka kuingia. Mama akamwita Sister Nambozo, akamwonyesha afande kwa kidevu.

"Yule ndiye alizuia sindano?"

"Ndiye."

"Anaitwa nani? Jumapili nataka nimtaje kanisani."

Sister akatugeukia, nasi tukatazamana. Isabirye akasema, "Afande." Mama akatikisa kichwa, hilo si jina, alisema, askari wote wanaitwa hivyo, Mungu atamjua vipi? Tulikuwa tumekula naye miezi mingi, tumeupiga picha mkono wake kila kulipokucha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ujasiri wa kulitamka jina lake mbele yake. Basi alilitamka mwenyewe, kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiandikisha kazi kwa mara ya kwanza: Yokana Opolot.